Niliyojifunza kwa Mahabusu



Mara nyingi nimeulizwa na wazazi swali moja, nalo ni hili: "Kijana wetu anasomea sheria, na sasa chuo kinamtaka aende akajifunze kazi kwa mawakili wanaowatetea watu walioshtakiwa kwa wizi na kupigana, na pengine hata kuua. Je, tumruhusu? Huku si kumtia katika ushirika wa wahalifu?" Wengine huuliza kwa upole na wengine kwa hasira. Mimi siwalaumu, kwa sababu mtu wa kwanza kuniuliza swali hilo alikuwa marehemu baba yangu, na jawabu nililompa siku ile halikuwa jawabu. Leo nataka kulijibu kwa kuwasimulia yaliyonipata mwenyewe, hata yale yanayonitia haya, kwani nasaha inayoficha aibu ya mwenye kuitoa haina uzito.

Baba alikuwa na duka dogo la vyakula katika mtaa wa Majengo, Mombasa. Usiku mmoja wa mwaka 2013 duka lilivunjwa, kukachukuliwa magunia ya mchele na sukari, madebe ya mafuta, na kisanduku cha fedha. Kijana mmoja akakamatwa, akashtakiwa, baba akatoa ushahidi, na yule kijana akafungwa miaka 3. Katika mali iliyopotea haikurudi hata ratili moja. Tangu hapo neno "mwizi" likitajwa nyumbani kwetu, mama alikuwa akigeuza mazungumzo upesi, maana alijua baba hatalala usiku ule.

Basi mwaka 2018, nilipokuwa katika mwaka wa 3 wa masomo ya sheria, chuo kikanipeleka miezi 3 katika afisi iliyokuwa ikiwasaidia bure maskini walioshtakiwa kwa makosa ya jinai. Nilipompa baba khabari hiyo alikuwa akipima sukari. Akaiweka kata chini, akasema: "Nimeuza kibaba kwa kibaba nikulipie karo, nawe unataka kwenda kuwatetea walionivunjia duka?" Nikamjibu, "Baba, ni amri ya chuo." Naam, hilo ndilo lililokuwa jawabu langu. Ilikuwa ni njia ya kulikimbia swali. Na ukweli ni kwamba katika moyo wangu nilikuwa upande wake. Nilikwenda katika afisi ile kama mtu anayekwenda kulipa deni, nikihesabu siku.

Aliyetusimamia alikuwa mama mmoja wakili, mtu mzima, mwenye maneno machache. Wanafunzi tulikuwa 4, nasi tukimwita Mama Wakili. Siku ya kwanza alitukalisha akatupa masharti 3. La kwanza, kwamba sisi si mawakili. Mwanafunzi hasimami mbele ya hakimu kumsemea mtu. Kazi yake ni kusikiliza, kuandika, kutafuta majalada, kutafuta jamaa wa mtu aliyefungiwa, kusoma hukumu zilizopita, na kutayarisha karatasi ambazo wakili atazisoma na kuzitia sahihi. La pili, kwamba tutakayoyasikia ni amana, hayatoki katika chumba kile kwenda barazani wala nyumbani kwa jina la mtu. Ndiyo maana katika makala haya simtaji mtu yeyote kwa jina lake. La tatu alilisema mara mbili: "Mkikutana na mahabusu, msianze kwa kumwuliza kama ametenda au hakutenda. Swali la kwanza ni hili: Nani anajua kwamba uko hapa?"

Tuliyaandika yote hayo katika madaftari yetu. Lakini kuandika neno ni jambo jingine, na kulishika ni jambo jingine.

Juma la kwanza tulikaa mahakamani kusikiliza, nami niligundua kwamba mengi niliyoyasoma chuoni watu wetu hawayajui, hata wale waliosoma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema kwamba aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 24. Isipokuwa saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, au siku isiyokuwa ya kazi, hapo hupelekwa siku ya kazi inayofuata. Kifungu hicho hicho chasema kwamba ana haki ya kuachiwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, ila pakiwa na sababu nzito ya kumzuia. Na kwamba mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6. Kifungu cha 50 chasema kwamba mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka lithibitike kosa lake. Kwamba ana haki ya kupewa mkalimani bila ya kulipa akiwa haifahamu lugha inayotumika. Na kwamba serikali itampa wakili ikiwa bila ya hivyo dhulma kubwa itatokea. Kisha ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, iliyoweka idara ya taifa ya kuwasaidia wasiojiweza.

Sisi Waislamu wa pwani tumezoea mahakama ya Kadhi. Tunaijua njia yake, na tunajua nani wa kumwona. Lakini Kadhi husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu baina ya Waislamu. Mashtaka ya jinai si yake. Kwa hiyo siku kijana wetu anapokamatwa hujikuta tuko ugenini katika mji wetu wenyewe. Nimewaona wazazi waliokaa nje ya mahakama tangu asubuhi hadi alasiri, kumbe kesi ya mtoto wao imekwisha tajwa katika chumba cha pili na kuahirishwa. Nimemwona baba mmoja aliyekataa kutoa fedha za dhamana akidhani ni rushwa. Alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ukamweka mwanawe ndani siku 5. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba dhamana si rushwa wala si faini. Hulipwa mahakamani kwa risiti, na hurudishwa kesi inapomalizika, maadamu mshtakiwa amehudhuria kila siku aliyotakiwa.

Siku moja aliletwa kizimbani mzee wa Kigiriama, mwenye mvi, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Akasomewa shitaka kwa Kiswahili cha haraka, akaulizwa kama ni kweli. Akainamisha kichwa akasema, "Ee." Akaulizwa tena, akasema tena, "Ee." Karani alikuwa tayari kuandika kwamba amekiri. Mama Wakili, aliyekuwapo kwa kesi nyingine, akasimama akaomba kwa adabu mzee aletewe mkalimani. Alipoelezwa kwa lugha yake, mzee alishtuka. Kumbe yeye alikuwa akiitikia kwa heshima tu, kama aitikiavyo mtu anayesemeshwa na mkubwa. Shitaka alilikana lote.

Tulipotoka Mama Wakili akatuagiza tukasome kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyokatwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki. Humo majaji walifundisha jinsi ya kupokea neno la mshtakiwa: asomewe shitaka na sehemu zake zote kwa lugha yake, au lugha anayoifahamu; maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka; na hata akikiri, aelezwe mambo yalivyotokea na apewe nafasi ya kuyakanusha au kuongeza jambo; na akitaja jambo linalotia shaka katika kukiri kwake, iandikwe kwamba amekana. Nikafurahi kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi mbele ya macho yangu. Nikajiona nimekwisha elimika. Ndipo likanipata nililokuja kusimulia.

Juma la pili tulipelekwa katika gereza moja la nje ya mji kuwahoji mahabusu. Nikapewa watu 6. Wa tano alikuwa kijana wa rika langu, mwembamba, mwenye viganja vigumu kwa kusukuma mkokoteni. Alishtakiwa kwa kuvunja duka na kuiba. Alikamatwa usiku akiwa na magunia ya mchele katika mkokoteni wake, naye alisema kwamba alikodiwa na watu asiowajua kuyachukua mpaka kituo cha magari. Alikuwa amekwisha kaa ndani siku 8. Hakimu alikuwa amempa dhamana ya shilingi 20,000, lakini hapakuwa na mtu wa kuitoa.

Nilipoona maneno "kuvunja duka" na neno "mchele," wallahi sikumwona tena kijana aliyekaa mbele yangu. Nilimwona baba ameketi juu ya pipa tupu asubuhi ile ya mwaka 2013. Nilimwuliza maswali yaliyoandikwa katika karatasi, lakini kwa sauti ya askari. Akaniambia, "Mama yangu anakaa Kisauni. Hajui kama niko hapa. Hupika mahamri akiuza karibu na msikiti, ukiuliza utaonyeshwa." Akanitajia msikiti wenyewe na njia ya kufika. Mimi nikaandika maneno mawili, "Mama, Kisauni," na chini yake nikaongeza, "Hana wa kumdhamini." Nikasema moyoni: huyu ni mwongo, na wezi wote wana mama wauza mahamri. Nikamwita wa sita.

Sikwenda Kisauni, wala sikumwomba mwenzangu aende. Kutoka afisini mpaka pale ni safari ya matatu moja.

Mama Wakili alikuwa na desturi ya kuyapitia madaftari yetu, ukurasa kwa ukurasa, lakini mwezi ule alikuwa na kesi ndefu ya mauaji, na zamu yangu ikachelewa. Alipolifungua daftari langu zilikuwa zimepita siku 17. Akausoma ukurasa ule, akaninyoshea kidole pale palipoandikwa Kisauni. Akauliza, "Nani amekwenda?" Nikanyamaza. Akauliza, "Mama yake anajua?" Nikasema, "Sijui." Hakunikemea. Alilifunga daftari, akachukua mkoba wake, akasema, "Twende."

Tulimpata kwa muda usiotimia saa moja. Tulishuka kituoni, tukauliza msikiti, tukaonyeshwa. Alikuwa mama mnene kidogo, amekaa mbele ya karai lililozimwa, anapanga mahamri yaliyobaki katika bakuli. Mama Wakili akamwamkia, akamtajia jina la mwanawe, akamwuliza kama ndiye mama yake. Yule mama hakujibu. Aliuliza neno moja tu: "Mzima?" Akaambiwa, "Mzima, alhamdulillahi." Hapo akashika ukingo wa meza, akakaa chini mchangani.

Kisha akatuambia yaliyompata. Kwa siku 25 alikuwa akimtafuta mwanawe. Alikwenda kila hospitali aliyoijua. Alikwenda katika vyumba vya maiti mara 3, akifunuliwa nyuso za watoto wa wenziwe. Majirani walikuwa wamekwisha kuanza kumpa mkono wa pole, na mmoja alikuwa amemshauri asome khitma. Alipomaliza akamgeukia Mama Wakili akamwuliza, "Nyinyi mmejua tangu lini?"

Mama Wakili hakunisaidia. Aliniangalia tu, nami nikajua kwamba jawabu ni langu. Nikasema, "Siku 17, mama. Aliniambia mimi, akanielekeza na njia, nami nikapuuza."

Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mwanangu, siku 17 nimeuza chakula bila ya kukionja. Mungu akusamehe. Mimi nitakusamehe nitakapomwona."

Kina mama wa mtaa ule walikusanya zile shilingi 20,000 kwa siku 2, wengine wakitoa 50 na wengine 100, zikalipwa mahakamani, ikatoka risiti. Kijana aliachiwa alasiri. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku, kama mtu anayetazama chombo kilichoanguka apate kuona kama kimepata ufa. Kijana mwenyewe hakuniambia neno. Alinipa mkono tu. Asubuhi ya pili yule mama alinitumia mahamri yaliyofungwa katika gazeti, na mjumbe akasema, "Mama amesema, sasa amekusamehe." Niliyala nikiwa nyuma ya mlango wa afisi, ili wenzangu wasinione nikilia.

Jioni ile Mama Wakili aliniita. Nilitaraji anifukuze, na lau angalinifukuza angalikuwa na haki. Akaniuliza, "Wamjua Sayyidna Ali alipotumwa Yemen kuwa kadhi?" Nikamwambia ninamjua. Akasema: "Alikuwa kijana kama wewe, akaona haya kwa udogo wake wa miaka na uchache wa ujuzi wake wa kuhukumu. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumfundisha vitabu vingi kwa siku ile. Alimfundisha kwamba wakikaa mbele yake wagomvi wawili, asihukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Wewe kosa lako si kwamba hukuwa na elimu. Ulimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, nawe si hakimu." Kisha akanirudishia daftari langu, akaniambia nirudi gerezani kesho kwa wale watano waliobaki, nikawaulize upya, na nianze kwa swali la kwanza. Nilirudi. Kati ya wale watano, wawili jamaa zao walikuwa hawajui wako wapi.

Nyumbani nilimsimulia baba kisa chote, bila ya jina la mtu. Nilifikiri atasema, "Ulifanya vyema kumpuuza mwizi." Hakusema kitu. Baada ya sala ya isha akaniita barazani, akakaa kimya mpaka wapita njia wakapungua. Kisha akasema maneno ambayo hajapata kumwambia mtu, hata mama:

"Usiku ule duka lilipovunjwa, taa ya njiani ilikuwa imekufa. Niliona mgongo wa mtu akikimbia, basi. Asubuhi askari akaniletea kijana akaniuliza, ni huyu? Nikasema, ni huyu. Mahakamani nikaulizwa tena, nikasema tena. Hakuwa na wakili. Hakimu akamwuliza kama ana swali kwangu, akatikisa kichwa. Lau angaliniuliza swali moja tu, ile taa ilikuwa ikiwaka au haikuwaka, nisingalikuwa na jawabu. Sisemi hakuiba. Nasema sijui. Nilitaka awe ni yeye, jambo liishe."

Akanyamaza, kisha akasema: "Mtetezi wake angalinisaidia mimi kabla ya kumsaidia yeye. Angalinizuia nisitoe shahada ya jambo nisilolijua."

Ndugu msomaji, ndilo jawabu la swali nililoulizwa mbele ya mizani ya sukari. Baba mwenyewe ndiye aliyenipa. Mimi nilidhani kwamba anayemtetea mshtakiwa anamtetea mmoja dhidi ya wengine wote. Kumbe analilinda kundi zima: analinda ulimi wa shahidi usiseme uwongo, na kalamu ya hakimu isiandike dhulma, na mwenye mali asiridhike na mtu asiyekuwa mwizi wake huku mwizi wake akitembea. Hata aliyeiba kweli, haki yake ya kusikilizwa haiondoki, kwa kuwa bila ya kumsikiliza hatutajua kwamba ni yeye.

Baba alijaribu kumtafuta yule kijana wa mwaka 2013, aliyekuwa amekwisha maliza kifungo. Akaambiwa amehama mji. Hakumpata mpaka alipofariki mwaka 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu, na ninajua kwamba jambo hilo alikwenda nalo. Lakini tangu usiku ule mpaka nilipomaliza miezi yangu 3, kila siku yangu ya kwenda gerezani aliniwekea shilingi 200 juu ya mizani, nauli ya kwenda na kurudi. Hatukulizungumza tena.

Na huyu wa mkokoteni? Huenda mngependa kusikia kwamba alikuwa hana kosa lolote. Khabari zake nilizipata mwaka uliofuata. Shitaka la kuvunja duka liliondolewa. Alikiri kwamba aliipokea mali ile akiwa anajua si ya halali, kwa sababu aliahidiwa ujira mara tatu ya kawaida, usiku wa manane, naye akakhiari asiulize. Sheria ya Kenya inamtaka hakimu ahesabu muda mtu aliokwisha kaa rumande anapotoa adhabu, na zile siku zilihesabiwa, ndani yake zikiwamo 17 zangu. Akapewa amri ya kufanya kazi kwa faida ya umma, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1998, akafagia na kulima uwanja wa zahanati mpaka muda ukaisha. Basi hakuwa malaika, wala hakuwa yule niliyemdhania. Alikuwa mtu aliyefanya kosa la kiasi chake, akapata adhabu ya kiasi chake. Na mama yake hakuwa na kosa lolote, naye ndiye niliyemwadhibu mimi.

Leo mimi ni wakili, na kila mwaka napokea wanafunzi wawili au watatu. Kwa hiyo niruhusuni niseme maneno machache ya wasia.

Enyi wazazi, mkiulizwa ruhusa, msiwaulize watoto wenu, "Mtamtetea mwizi?" Waulizeni mambo haya: Nani atakusimamia? Je, ni wakili mwenye kibali, anayesoma unachokiandika kabla ya kukitumia? Utakwenda gerezani pamoja na nani, na utarudi saa ngapi? Siri za watu utaziweka wapi? Binti akitaka kwenda, yaulizwe hayo hayo na kwa makini zaidi, kisha asizuiwe, maana wako wanawake katika mahabusu ambao hawatamweleza mwanamume yaliyowafikisha pale. Na ikiwa afisi haina msimamizi, bali inawatuma wanafunzi kama matarishi wa bure, hapo mkatazeni. Kwani mwanafunzi asiyesimamiwa huwadhuru watu, nami ni ushahidi wa hilo hata nikiwa nimesimamiwa.

Nanyi vijana, msiende kwa kutafuta cheti tu, kama nilivyokwenda mimi. Na msiende kwa kutafuta kesi kubwa za kusimulia. Kazi yenu itakuwa ndogo: nambari ya jalada, tarehe ya kutajwa kesi, jina la mtaa, njia ya kufika. Ziandikeni sawasawa, kisha fuateni mlichokiandika. Nambari moja iliyokosewa humfanya karani aseme, "Jalada halipo," na mtu akarudi rumande majuma 2 kwa ajili ya tarakimu. Mkikosea, semeni siku ile ile. Mama Wakili hakunifukuza kwa kupuuza kwangu. Lakini baadaye aliniambia kwamba lau mbele ya yule mama ningalisema uwongo, nisingaliingia tena katika afisi yake.

Daftari lile ninalo hata sasa. Kila mwanafunzi anapoingia afisini kwangu siku ya kwanza, namfungulia ukurasa ule wenye maneno mawili, "Mama, Kisauni," namwacha ausome, kisha namwuliza ni kitu gani kimekosekana. Wengi hutaja kifungu cha sheria. Mara moja moja hutokea mmoja akasema, "Mbona haukuandikwa msikiti?" Huyo najua kwamba atakuwa wakili.

Mwenyezi Mungu atujaalie masikio yanayotangulia ndimi zetu, awafariji waliofungiwa pasipo jamaa zao kujua, na atusamehe tuliyoyapuuza. Amin.